Madirisha ya Basi Letu

Kwa miaka mitatu, kazi yangu ya kwanza baada ya kila mechi ya ugenini ilikuwa kukagua madirisha ya basi. Naanzia kiti cha nyuma, nakuja mbele, nasukuma kila kioo mpaka kigonge. Halafu napaaza sauti, "Wote ndani? Kumefungwa?" na wasichana wanajibu kwa pamoja, "Kumefungwa, Kepteni!" Hapo ndipo dereva anawasha gari. Na ole wako ufungue dirisha njiani, hata nafasi ya kidole. Faini yako ni kubeba magongo ya timu nzima, peke yako, kutoka kwa basi hadi stoo.

Hiyo sheria sikuitunga mimi, niliikuta. Ukitoka kucheza ukiwa umelowa jasho kisha ukae kwenye upepo, baridi inaingia kifuani unapata nimonia. Huku kwetu mtoto anajua hivyo kabla hajajua kuandika jina lake. Na sisi, tukitoka Eldoret, lazima tupite Timboroa, mahali ambapo baridi haina adabu hata kidogo. Kwa hivyo tulifunga, tukaimba. Tuliimba kutoka uwanjani hadi tuone ziwa la Nakuru. Mwanzishaji nilikuwa mimi. Nina sauti kubwa, na sijisifu bure, uliza yeyote aliyewahi kulala chumba kimoja nami hosteli.

Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyeambiwa juzi kwamba una TB, hasa kama wewe ni mtu wa timu, au wa kwaya, au wa darasa lililojaa. Mambo ya vijidudu utaelezwa na wenye kazi yao. Mimi nitakueleza nilivyopita pale, pamoja na lile jambo moja ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani kujificha chini ya meza.

Naitwa Nekesa. Ni mtoto wa Bondeni, hapa Nakuru. Babu alitoka Bungoma kuja kufanya kazi reli, na hatujawahi kurudi. Mpira wa magongo niliukuta chuoni mwaka wa kwanza, na nitasema ukweli, nilijiunga kwa sababu ya tumbo. Wachezaji walipewa maziwa na mkate baada ya mazoezi. Mwezi wa pili nilikuwa nimesahau mkate. Nilikuwa nimeshikwa na ile sauti, kok!, mpira ukigonga gongo sawasawa, na mikono yako inajua kabla ya macho kwamba umepiga vizuri. Uwanja wetu ulikuwa na vichuguu vya fuko kila mahali. Mpira unaruka unavyotaka, unakugonga ugoko, unalia, unaendelea. Ukishajifunza kusimamisha mpira pale, ukipelekwa Nairobi kwenye uwanja wa zulia, ule wa nyasi bandia, unajiona malkia.

Nilihitimu Desemba. Joho nilivaa, picha tukapiga, Mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Januari nikaanza kutafuta kazi, na Januari hiyo hiyo nikarudi mazoezini, kwa maana timu yetu iko kwenye ligi na ligi haimuulizi mtu kama amehitimu. Baba alikasirika. Yeye ni fundi wa mashine kwa kiwanda cha unga, mtu wa maneno machache. "Nilikusomesha ushike kalamu," aliniambia, "wewe umeshika fimbo." Ningemwambiaje kwamba katika mji mzima ule, mahali pekee nilipojua nisimame wapi ni katikati ya uwanja? Nikipeleka barua za kazi naambiwa tutakupigia. Uwanjani hakuna mtu aliniambia atanipigia.

Kikohozi kilianza Februari, wakati wa vumbi. Nani hakohoi Nakuru mwezi wa Februari? Nikanywa tangawizi na limau. Machi bado nakohoa, nikaongeza asali. Nikaanza kukonda, na hapa ndipo sisi watu wa michezo tunajimaliza wenyewe, kwa sababu nilifurahi! Kocha naye akafurahi. "Nekesa umekuwa mwepesi," akasema. "Endelea hivyo hivyo." Nikaendelea hivyo hivyo. Nilikuwa naamka shuka limelowa jasho, nikadhani mwili unazoea mazoezi. Kaptura ikawa inanidondoka, nikaifunga kwa kamba ya kiatu na kujiona mtu wa maana.

Katikati ya Mei, mvua imenyesha, tulicheza nyumbani. Nilifukuza mpira mmoja kurudi nyuma, mpira ambao miezi mitatu awali ningeuokota nikitembea. Nikafika nusu ya uwanja, miguu ikakataa. Nikainama, nikakohoa kwenye kitambaa, nikaona damu. Nikakikunja haraka nikakitia kwenye soksi, nikanyanyua mkono kuomba kutoka. Nyumbani nilikitupa katikati ya nguo chafu. Mama ndiye alikipata. Mama huuza samaki wa kukaanga pale karibu na kwetu, na asubuhi hiyo alizima jiko lake na samaki wakiwa bado kwenye mafuta. Alisema tu, "Vaa viatu."

Huko hospitali, kungoja ndio ugonjwa wa pili. Unangoja kuandikishwa, unangoja eksirei, unapewa kikopo na kuambiwa ukakohoe ndani yake, kule nyuma, mbali na watu. Mtu aliyekohoa bila kukoma tangu Februari, siku hiyo kikohozi kimegoma. Mama amesimama pembeni akiniambia, "Jikaze, Nekesa, fikiria umemeza mfupa." Tukacheka wawili, na kile kicheko ndicho kilileta kikohozi. Majibu yalitoka baada ya siku mbili.

Kliniki ya kifua iko pembeni, peke yake. Tulikaa kwenye benchi nje, wagonjwa sita, kila mtu na barakoa yake na mawazo yake. Nilipoingia ndani nilikuta baridi kuliko nje. Madirisha yote yalikuwa wazi, ya mbele na ya nyuma, karatasi za ukutani zinapepea. Muuguzi, mama mmoja mnene aliyevaa sweta mbili, wote walimwita Sista tu.

"Sista," nikamwambia nikitetemeka, "si tufunge dirisha? Kuna baridi."

"Hapana, mami. Hilo dirisha ndilo dawa ya kwanza hapa. Mtu wa TB akikohoa, akiongea, akiimba, inatoka kwa hewa. Ukifunga, kila mtu aliye ndani anaivuta. Hili likifungwa hata mimi nitakaa hapo kwa hiyo benchi yenu."

Akiimba. Niliona basi letu, nikawaona wasichana wamebanana watatu kwa kiti cha wawili, mimi nimesimama katikati nimewageukia, mdomo wazi, naanzisha.

Sista alitoa fomu. "Unaishi na nani?" Nikamtajia Mama na Baba. "Na mahali pengine? Kazini, kanisani, mahali mnafungiwa ndani na watu kwa muda mrefu?"

Wiki nne baadaye tulikuwa na mechi Eldoret ambayo tukishinda tungepanda daraja, jambo ambalo timu yetu haijawahi kufanya. Nikawaza, nikitaja majina, wataitwa hapa mmoja mmoja, watapimwa, chuo kitajua, mechi itaharibika, na itaitwa mechi iliyoharibiwa na Nekesa. Nikasema, "Hapana. Ni hao tu."

Aliniangalia kidogo. Mistari ya fomu ilikuwa mingi na ilibaki mitupu. "Ukikumbuka mtu," akasema, "mlango ni huu."

Basi nikaanza dawa. Kila asubuhi kabla ya chai, Baba alisimama mbele yangu na glasi ya maji, tayari na ovaroli yake ya kazini. Sista alikuwa amesema lazima pawe na mtu wa kunishuhudia, na Baba akaichukua kama zamu. "Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi." Vidonge vilikuwa vikubwa na viligeuza tumbo. Siku ya kwanza nilienda haja ndogo, nikaona rangi ya chungwa, nikatoka mbio nikilia, "Mama, natoka damu!" Mama alikuwa ameelezwa na Sista kwamba ni rangi ya dawa tu, mimi sikuwa nasikiliza. Alicheka mpaka akashika ukuta. Viungo viliuma, magoti zaidi, nikawa nashuka ngazi kinyumenyume. Halafu njaa ikaja. Nilikula ugali wa watu wawili na bado natazama sahani ya Baba.

Lakini usifikiri nyumba ilikuwa na raha. Mama alinitengea kikombe, sahani na kijiko, akavifunga uzi mwekundu. Gongo langu Baba aliliweka juu ya kabati, nyuma ya sanduku, mahali siwezi kufika. Majirani wakiuliza, Mama alisema ni nimonia. Hata mimi Kocha alipopiga simu nilimwambia ni nimonia. Neno lilitoka laini kabisa. Nilipoenda kuchukua dawa nikamwambia Sista habari ya kikombe, akamwita Mama ndani. "Mama, haipiti kwa kikombe. Fungua madirisha ya nyumba, mle pamoja." Mama alifungua ule uzi kwa meno tulipofika nyumbani, akalia, akaniambia, "Nisamehe, nilikuwa naogopa tu." Nikamwambia hata mimi naogopa. Sikumwambia ninachoogopa ni nini.

Wiki ya tatu, Jumamosi, Chepkoech alikuja. Huyu alikuwa mdogo wetu kwa timu, mwaka wa pili, msichana wa Molo mwenye mbio za ajabu. Alibeba gunia dogo la viazi kutoka kwao na maziwa kwa chupa ya soda. Nilimpokea nje, mlangoni, nikamwekea stuli mbali kidogo.

"Niaje, Kepteni."

"Poa. Mbona unajisumbua na mizigo?"

Hakukaa. Alishika stuli kwa mikono miwili. "Kepteni, nimekuja kukuomba msamaha. Ni mimi nilifungua dirisha."

"Dirisha gani?"

"Siku ile tukitoka Eldoret, pale Timboroa. Nilikuwa nasikia kutapika, nikafungua kidogo tu. Kocha alipotuambia uko na nimonia, wasichana wakakumbuka. Wamesema ni mimi nimekuua. Nimebeba magongo mechi mbili sasa, na ni sawa, nastahili. Lakini mama akaniambia nije nikuone uso kwa uso." Machozi yakamtoka. "Na sasa madirisha tunafunga na utepe wa gundi, hata ukitaka huwezi."

Halafu akageuza uso pembeni, akakohoa. Kile kikohozi nilikifahamu vizuri.

"Umeanza lini kukohoa?"

"Aa, ni kavumbi tu. Nakunywa tangawizi."

Mvua ilikuwa imenyesha mwezi mzima, vumbi litoke wapi? Nilijua, na bado mdomo haukufunguka kusema ukweli. Nilimwambia si kosa lake, nikamwambia aende hospitali apimwe, lakini nilisema kama vile mtu anavyosema pole, bila uzito. Akanishukuru! Akaniachia viazi, akaenda zake.

Jumatatu asubuhi Baba alininyooshea glasi. "Meza." Nikashindwa. Nikaviweka vidonge mezani nikamweleza kila kitu, basi, nyimbo, fomu, Chepkoech akilia mbele ya mlango wetu. Nilidhani ataanza na ule mpira wangu. Baba alikaa, na Baba hakai akiwa amevaa ovaroli.

"Wewe si ndiye kepteni?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na kepteni ni kazi gani?"

Baba akasema, "Mficha maradhi, kilio humfichua. Na hapa kilio kitakuwa cha mtoto wa wenyewe. Meza dawa, tuende." Alipiga simu kiwandani kusema atachelewa, mara ya kwanza katika maisha yangu.

Sista hakunigombeza. Alitoa ile fomu, akaifungua palepale. Nilitaja majina kama ninavyopanga timu, nikianzia golikipa, walinzi, katikati, mbele, mpaka wale wa benchi, Kocha na dereva. Jina la kwanza lilinitoka kwa shida, ya mwisho yalitoka yenyewe. Alitaka kwenda kuwaambia yeye. Nikamwomba aniache nitangulie.

Jioni hiyo nilifika uwanjani na barakoa yangu, Sista nyuma yangu, Baba nyuma ya Sista. Walikuwa wanafanya mazoezi ya kona. Walinikimbilia wakishangilia, nikanyoosha mkono wasimame. Nikawaambia, "Sina nimonia. Nina TB. Nimejua kwa wiki tatu na nikanyamaza kwa sababu ya mechi. Dirisha la Chepkoech halikunifanya chochote. Yeye ndiye peke yake kwa basi zima aliyefanya jambo la maana. Mwenye makosa ni mimi, niliyefunga na kuimba."

Golikipa wetu, rafiki yangu wa tangu mwaka wa kwanza, alivua glavu taratibu. "Ungetuambia wiki tatu zilizopita," alisema, na akaondoka. Kocha alitazama chini, akachimba nyasi kwa kiatu. Chepkoech alikuwa amekaa juu ya mfuko wa mipira, ameshika kifua, ananiangalia tu. Nilitamani anitukane.

Walipimwa wote. Ni Chepkoech peke yake aliyekutwa nayo, tena ikiwa changa, Sista alisema tumeiwahi. Wengine walipewa dawa za kujikinga. Mechi ya Eldoret ilichezwa bila sisi wawili, wakafungwa mawili kwa moja. Kocha alinitumia ujumbe wa matokeo na hakuongeza neno. Golikipa hakunijibu simu mpaka Agosti.

Chepkoech ndiye alinipigia kwanza. Wiki nzima ilikuwa imepita tangu jioni ile ya uwanjani. "Kepteni," akasema, "kumbe mkojo unakuwa hivi?" Nikacheka nikalia kwa pamoja. Tangu siku hiyo tulimeza pamoja. Saa kumi na mbili asubuhi ananipigia simu ya video kutoka kwao Molo, alikokuwa amerudi kupona, mimi na Baba upande huu, yeye na mama yake upande ule. "Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi." Baba alikuwa anatukagua sote wawili. Julai, baridi kali, madirisha ya nyumba zetu wazi, tunamezea ndani ya blanketi. Kuna siku alisema, "Kepteni, leo siwezi, nimechoka na hivi vitu." Nikamwambia tutakaa hapa kwa simu mpaka uweze. Tulikaa, mama yake akakamua ng'ombe akarudi, bado tumekaa. Akameza. Kuna siku ilikuwa zamu yangu kukataa, naye akanifanyia hivyo hivyo.

Baada ya miezi miwili vidonge vilipungua na makohozi yangu yalikuwa safi. Wakati wa mahindi ya kuchoma kaptura ilinishika kiuno bila kamba. Jakaranda zilipochanua nilitembea kutoka Bondeni hadi kliniki bila kusimama. Mwisho wa Novemba nilimeza vidonge vya mwisho, Sista akapiga mstari kwenye kadi yangu, akanipa mkono, akamwita aliyefuata. Nilidhani nitaruka. Nilikaa kwenye lile benchi la nje nikalia mpaka mama mmoja akanipa kitambaa chake. Nilipofika nyumbani, gongo lilikuwa mezani, limefutwa vumbi. Baba alikuwa ameshaenda kazini.

Nimewaza sana mwaka huo. Kazi bado natafuta, nitaipata tu. Lakini nilikuwa nikidhani ukepteni ni kuwakinga wenzako wasisikie habari mbaya. Habari mbaya haikuwadhuru hata mmoja. Kilichowadhuru ni ukimya wangu, na wewe uliye na ile fomu mbele yako, nakuomba, jaza mistari yote. Watakasirika. Waache wakasirike wakiwa wazima.

Februari ligi ilirudi, na safari ya kwanza ikawa Eldoret. Kocha alinipigia. "Pafu lako bado ni la kuku," akasema, "lakini njoo unisaidie benchi." Timu sasa ina kepteni mpya, walimchagua wenyewe. Baada ya mechi nilipanda basi nikakaa nyuma. Wageni wa mwaka wa kwanza walikuwa tayari wanavuta vioo, maana kwao walilelewa kama sisi. Chepkoech akapanda. Akaanzia kiti changu, akaenda mbele, akisukuma kila dirisha mpaka mwisho.

"Wote ndani?" akaita. "Kumefunguliwa?"

"Kumefunguliwa, Kepteni!"

"Woi, tutakufa na baridi," mmoja akalalamika.

"Vaa sweta mbili," akamjibu.

Pale Timboroa upepo ulipita kila kiti, pua zikatiririka, na golikipa wangu akanitupia nusu ya shuka lake. Hakuna aliyeimba. Chepkoech aligeuka akaniangalia, akangoja. Nikavuta ile baridi yote mpaka chini ya mbavu, haikuniuma, nikaanzisha.

Tulipofika chuoni niliwaambia wote waende wakale. Nikayakusanya magongo, ya timu nzima, nikayafunga kwa mikanda. Chepkoech akaja mbio kunisaidia.

"Acha," nikamwambia. "Ulibeba mechi mbili faini isiyokuwa yako. Hii ni ya kwanza. Ya pili nitabeba mechi ijayo."

Kutoka kwa basi hadi stoo si mbali. Nilipumzika mara tatu njiani, nikayafikisha yote.